Stakabadhi ya Namba Saba

Luteni aliilamba penseli, ulimi ukabaki zambarau,
akaandika: Trekta moja. Magurudumu ya chuma. Hali: nzuri.
Itarudishwa.
Ustinya, aliyejua kusoma kutushinda sote,
akauliza, "Lini?"
Luteni akatafuta kwenye karatasi mahali pa kuandika lini.
Hapakuwa na mstari.

Hali nzuri! Hakujua kuwa rejeta
tuliiziba kwa unga wa shayiri na mavi ya farasi,
kwamba gia ya pili haiingii mpaka uitukane kwanza,
na tusi lenyewe ni moja tu, la marehemu Pankrati,
wala kwamba mkono wa stata ulinivunja kifundo msimu wa kwanza,
nikapona nikiwa na mkono unaotabiri mvua.
Sikumwambia luteni.
Lile tusi tu ndilo nililomnong'oneza mvulana aliyepewa usukani.
Aliona haya, kisha akalirudia polepole, kama sala.

Wakaifungua plau, wakaiacha palepale, katikati ya mfuo.
Mahali pake wakafunga mzinga.
Trekta ikavuta. Haikuona tofauti:
mzigo ni mzigo, nyuma ni nyuma.
Ikashika njia ya kituoni kwa mwendo wa kulima,
mwendo wa ng'ombe aliyeshiba,
na mzinga ukaifuata umeinamisha mdomo
kama ndama apelekwaye mnadani.
Kutwa tuliisikia. Nyika haina pa kuficha sauti.
Jua likazama, bado tunaisikia.

Kesho yake, akikamua, Ustinya akasema,
"Sasa amefika."
Amefika. Si imefika.
Hakuna aliyemsahihisha. Tangu siku hiyo
ikitajwa, ilitajwa pamoja na wanaume:
Nikanori hajaandika. Yevsei amekatwa mguu.
Saba, hatuna habari zake.

Tulilima kwa ng'ombe wa maziwa,
maziwa yakakauka.
Kisha tukalima kwa Ustinya, kwa Glafira, kwangu mimi,
watatu kwenye kamba, wa nne kwenye mpini,
na kifua kikajifunza kile ambacho injini ilikijua zamani:
udongo mweusi haukatai,
unachelewesha tu.
Siku moja, kamba imetukata mabega, tumekwama,
Glafira akaitukana gia ya pili.
Tulicheka hadi tukakaa chini, matopeni, na sketi zetu.

Vita vikaisha. Masika ya pili baada ya hapo
tukaletewa trekta ya jeshi, ya minyororo,
kijani chake kimebambuka, ubavuni viraka vitatu vya kuchomelea,
injini yenye haraka, isiyojua kutembea:
ukiigusa inaruka kama inayofukuzwa
na plau inachomoka ardhini, inalima hewa.
Chini ya kiti nilikuta kijiko,
mpini umekwaruzwa herufi mbili kwa msumari.
Si wa kwetu. Niliwapitia wote kichwani, si wa kwetu.
Nikakirudisha palepale.

Nikaenda wilayani na stakabadhi,
zambarau imefifia hadi kuwa kijivu.
Karani akasoma Itarudishwa,
akageuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.
"Mama, si mmepewa nyingine?"
Kweli, tumepewa nyingine.
Nikasimama pale na mkono wangu wa mvua unaniuma,
nikamwomba anipe karatasi yangu.

Ile nyingine tuliiandika Nane.
Hivyo ndivyo daftari la shamba linavyosomeka hadi leo:
Tano, Sita, Nane, Tisa.
Mkaguzi akija huweka kidole kwenye pengo,
anatuangalia mmoja mmoja.
Ustinya humjibu bila kuinua macho kwenye ndoo:
Saba yuko njiani.
Mwendo wake ndio huo.