Mabano

Mimi ni mwandishi wa hati mkato, mwaka wa ishirini na sita
katika Bunge hili la Montevideo.
Meza yangu iko chini ya kiti cha Spika, uso kwa uso nao.
Wameniajiri masikio na vidole.
Macho hayamo kwenye mkataba.

Lakini macho hayana pazia.
Tangu waletewe kompyuta, kila kiti na yake,
nasoma vioo vya miwani.
Kwenye miwani ya Mheshimiwa Mautone kuna karata:
saba ya panga, farasi wa vikombe.
Anashinda, huku midomo ikisema "mshikamano wa kitaifa".
Kwa jirani yake wa kulia ni viatu,
viatu vya ngozi, rangi ya divai,
vinapita, vinarudi, vinapita tena.
Yule wa nyuma hana miwani,
ila Peñarol wamefungwa; nimejua kwa mabega.

Hoja ya leo: ifungwe zahanati ya usiku ya Paso Hondo,
mji wa watu elfu moja na mia mbili
na mto usio na daraja.
Waziri anasoma: kilomita arobaini hadi hospitali ya karibu.
Vidole vyangu: kilomita arobaini.
Hapo kijana Ceferino Urtiaga,
ambaye magazeti humwita Bwana Kuinama
kwa kuwa hajawahi kupigwa picha akimtazama msemaji,
ananyosha mkono bila kunyanyua uso:
"Ramani niliyoifungua hapa, Mheshimiwa Spika,
inasema ni arobaini kwa kunguru.
Kwa gari ni tisini na moja,
na mvua ikinyesha hakuna barabara."
Waziri anapekua karatasi zake. Karatasi zimenyamaza.
Nami nilidhani kijana naye yumo kwenye karata.

Ndani ya mabano naruhusiwa maneno machache tu:
Makofi. Kicheko. Vurugu. Kimya.
Sina mabano ya viatu.
Sina mabano ya kilichoingia saa tatu na dakika kumi na mbili usiku,
Urtiaga akaacha kuandika katikati ya neno.

Baadaye, koridoni, nilimwomba tahajia ya jina la mto;
akanionyesha skrini badala yake.
Chama: Kura ni ndiyo. Usituaibishe.
Na chini yake, namba asiyoijua:
Niko juu, safu ya mwisho, mkoba wa kijani.
Nimekuja na basi la saa kumi alfajiri.
Barabara umeisema vizuri. Sasa inua kichwa nikuone.
Nélida Etcheverry, mkunga.

Aliinua.
Ukumbi mzima ulikuwa umeinama,
mwanga wa samawati mashavuni,
kila mmoja akichungulia kisima chake,
na yeye peke yake shingo nyuma, akitafuta.
Kule juu mwanamke alipakata mkoba
kama mtoto ambaye bado hajalia.

Kengele. Siku hizi kura ni kubonyeza.
Kidole chake kilikaa hewani;
nikahesabu, ingawa silipwi kwa kuhesabu.
Sekunde tisa.

Hamsini, ndiyo. Arobaini na tisa, hapana.
Ya kwake ilikuwa hapana, wala haikutosha.
Mautone alifunga mashine yake taratibu,
kama anayefunika chungu kisipoe.
Viatu, nadhani, vilinunuliwa.

Niliandika: (Kimya.)
Kisha nikafuta, jambo nisilowahi kulifanya,
nikaandika: (Mheshimiwa Urtiaga anatazama juu.)

Asubuhi mhariri aliyaondoa.
Alinipigia simu mwenyewe, kwa upole,
akasema mabano yale hayaeleweki.
Anatazama juu, sawa.
Anatazama nini?