Deni la Maalim Asaa

Nne kwa moja. Na hiyo moja, tusidanganyane,
ni beki wao aliyejifunga akipiga chafya.

Nauza chapati na maharage nyuma ya goli la kusini, Gombani,
kwa hiyo mimi mpira siutazami, nausikia:
watu wakiinuka, sahani zinasahauliwa mikononi;
watu wakikaa, wananidai chenji kwa hasira
kama kwamba mimi ndiye niliyempanga Sijamini namba sita.

Mechi ya tano hii chuo chetu kinapigwa.
Ya kwanza walisema jua.
Ya pili refa, mamake mtu wa Wete.
Ya tatu viatu, ya nne sijui nyasi.
Jana visingizio viliisha, likabaki jina la mtu.

Faki wa baskeli alianza, tonge mdomoni:
"Yakhe, huyu kocha au mlinzi wa benki?
Kasimama tu, mikono nyuma, kama anangoja jeneza lipite."
Mbarouk, ambaye hata pensheni yake anahesabiwa na mkewe,
akapanga timu kwa punje za maharage juu ya meza yangu:
wanne nyuma, watatu kati. "Hivi! Kitu rahisi hichi!"
Kisha akamtafuna mshambuliaji.

Wanachuo wa mwaka wa pili, walimu wetu wa kesho,
wakaunga ubeti palepale, wakaupigia sahani:

    Asaa tumekuchoka, chukua filimbi yako,
    Kila siku twaumbuka, hatuoni bao lako,
    Wete wanavyotucheka, sababu ni kichwa chako,
    Panda meli ya kuvuka, uwaachie wenzako.

Na mimi? Mimi nilicheka.
Nilicheka mpaka nikajimwagia mchuzi mkononi.
Tena nikatia langu, na sauti yangu inafika Machomanne:
"Aende akafundishe kuku kuatamia!"
Wakanipigia makofi. Nikauza sahani kumi na moja.

Hakuwa mbali. Alikuwa anakusanya mipira, peke yake,
mitatu, mmoja hauna upepo,
anaitia ndani ya polo la mchele.
Hakugeuka.
Mtu asiyegeuka amesikia.

Leo alfajiri, moto wangu haujakolea,
kapiga hodi uani, shati limepigwa pasi.
"Bi Hidaya, nimekuja kulipa."
Akalifungua daftari langu kwa kidole chenye chaki,
akasoma kama anayeita mahudhurio:
chapati za timu nzima, siku ile ya mvua;
chapati za Sijamini, aliyefiwa na babake mwezi wa Shaabani;
maharage ya kipa, chai ya kipa, tena maharage ya kipa.
Elfu arobaini na mia tatu.
Juu ya kila ukurasa nimeandika Asaa.
Yeye mwenyewe hakula hata kipande.

Nikazitazama zile noti. Nikamtazama viatu.
Viatu vya safari.
Sisi hapa hatulipi deni lote kwa mkupuo
ila tukihama, au tukifa.

Ningemtaka radhi, lakini ulimi wa jana
leo ulikuwa kipande cha ngozi tu mdomoni.
Nikamwambia, "Chenji sina."
"Sitaki chenji."
"Na mimi asubuhi noti kubwa sipokei, ni mkosi.
Njoo Alkhamisi, baada ya mazoezi."

Akageuka kuitazama njia, mikono nyuma, kama kawaida yake,
na kwa kuwa mara hii nilikuwa upande wa mgongoni
nikaona anachokificha kule:
vidole vinatetemeka, kimoja kimekishika chenziwe.

"Alkhamisi," akasema, baada ya muda, "huenda ikanyesha."
"Basi utadaiwa na za mvua."

Sikutoka nje kuona alishika njia ipi,
ya chuoni au ya Mkoani, kwenye meli.
Nilikuwa nakanda.
Nimezidisha kibaba kimoja cha unga,
yule kipa hashibi.