Wanawake Mia

Duluth, Februari. Nyuzi kumi na nane chini ya sufuri,
nami nimelala chali, miguu juu ya kijisanduku cha sponji,
nimeambiwa nisitikisike.
Mkono wa mashine unanipitia polepole
kama mtu anayepiga pasi bila kugusa nguo.
Mai Yer, fundi wa picha, anatafuna chingamu.
"Vizuri sana, mama."
Vizuri nini? Nimelala tu.

Kimo amenipima mara mbili,
ya pili kwa kuwa ya kwanza hakuiamini.
Sentimita nne zimekwenda.
Kumbe! Mimi nilidhani mabuibui ndiyo yanarefuka,
mwaka wa tatu huu nayakunja upindo.

Bibi yangu Mwanashehe alipinda
hadi akawa anawatambua wageni kwa viatu.
Tukasema, uzee.
Tukasema kwa mzaha, ameangusha sindano, bado anaitafuta.
Hakuna aliyesema mfupa.

Sasa Daktari Halvorson na kompyuta yake.
Hasi mbili nukta tatu, anasema: umepungua,
lakini hujafika pale penyewe. Tuhesabu hatari.
Umri? Sitini na saba.
Sigara? Astaghafirullah.
Uliwahi kuvunjika? Kifundo cha mkono,
mbele ya posta, theluji ya kwanza.
Na mama yako, alivunjika nyonga?

Mama yangu alikufa ana miaka thelathini na minne,
hana hata unywele mmoja mweupe.
Hakupewa muda wa kuvunjika.
"Basi naandika hapana,"
na hapana hiyo, nauona mshale wake,
inanipunguzia hatari.

Asili yako?
Visanduku vinne.
Baba wa babu alitoka Shihri, bibi Mngazija,
mama Mbajuni, na mimi nyonga yangu
haijawahi kuniuliza kabila.
Jaribu Mweusi, namwambia.
Asilimia tisa.
Jaribu Mwasia.
Kumi na kitu.
Haya, jaribu Mzungu, tuone.
Ishirini na moja. Anakohoa kidogo.
Kwa ishirini, anasema, huwa tunaanza dawa.

Mfupa ni ule ule. Hata kiti sijahama.

Anajaribu kunifafanulia, maskini, kwa upole:
tisa maana yake, chukua wanawake mia kama wewe,
ndani ya miaka kumi, tisa watavunjika.
Wako wapi?
Wanawake mia kama mimi, hapa Duluth?
Miaka ishirini na sita namtafuta mmoja
wa kunywa naye chai ya tangawizi.

Tumekubaliana vidonge vya vitamini, maziwa,
kutembea, na kurudi baada ya miaka miwili.
Kisanduku alichokiacha mwisho sikukiona.
Aligeuza kioo.

Nje, kijana anamwaga chumvi kwenye ngazi,
anamwaga kwa kiganja, kama mpishi mchoyo.
Simu inalia. Zulekha, binti yangu, kutoka kazini.
Ulimi hauna mfupa,
kwa hiyo namwambia niko sawa kabisa.
Namwuliza amekula nini.

Siku moja naye atalala pale chali,
na mtu mwenye kompyuta atamwuliza habari za mama yake.
Naitia simu mfukoni.
Ngazi ni saba.
Nashika reli kwa mikono miwili
kwa ajili ya fomu ile.