Rondo Santuri, Namba Moja hadi Saba

Usiniulize ziliuzwa ngapi.
Niulize gundi tulipika na nini:
muhogo wa Nyangao, maji, chumvi ya kutosha
mende wasile majalada.
Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kukunja,
kubandika, kukalia rundo mpaka likauke.
Mjomba Ponsiano alisema hakuna kampuni duniani
yenye mashine kama makalio yangu.

Mbele, duka: misumari, mafuta ya taa, magunia ya korosho.
Nyuma, pazia. Nyuma ya pazia
jina tulilolichonga kwenye soli ya ndala
na kuligonga kwa wino wa posta:
RONDO. Na chini yake, kwa mkono wake:
jazi ya kusali.

Walirekodi usiku, Kikwetu, ghala la mkonge,
kwa kuwa marobota hunywa mwangwi
na mlinzi wa ghala ndiye aliyekuwa mpiga besi.
Mjomba na tarumbeta la bendi ya misheni, Ndanda
(hakuliiba, alisema, lilimfuata).
Khalfani Lichela wa zawiyani, hana ala,
pumzi tu, hu, hu, hu, mpaka taa ya kandili ikawa inaitikia.
Bi Atanasia kwenye kinanda cha kanisa
kilichokufa funguo mbili; akawa anaziruka
kama mtu anavyoruka dimbwi na kanga mpya.
Hakuna aliyemwuliza mwenzake anasali wapi.
Kipande kimoja, dakika kumi na tisa.
Redio ikaandika barua: ni kirefu mno, hakina maneno,
tukifanyie nini?
Mjomba akajibu kwa kalamu nyekundu:
Kaeni nacho kimya.

Zilichapwa Nairobi, zikarudi masika.
Wiki sita Ndundu, Rufiji imejaa, kivuko kimefungwa,
kisha likawaka jua juu ya turubai.
Mia mbili zikapinda.
Shangazi akazichovya maji ya moto, zikawa mabakuli.
Ukipita Mnazi Mmoja, pale njia panda,
ukaona korosho kwenye bakuli jeusi lenye mistari,
pitisha ukucha.
Ni namba tatu hiyo.

Saba. Halafu basi.

Mgeni alikuja mwaka juzi, glavu nyeupe mfukoni,
akitafuta kanda mama, zile za kwanza kabisa.
Nikampeleka shambani.
Nikamwonyesha miti miwili, na hewa katikati.
Hapa mama alizifunga, mwaka wa njaa,
kutoka mti huu hadi ule, juu ya mtama.
Upepo ukizigusa zilivuma,
na kwelea waligeuka wakiwa bado angani.
Mgeni alilia.
Mimi sikulia. Mwaka ule tulikula.

Namba tano tu ilikutwa nzima, chini ya godoro la Bi Atanasia.
Wakaichapa upya, huko kwao, wakaleta fedha.
Na mimi nilikuwa na daftari.
Ukurasa wa kwanza: Nusu ya mwenye pumzi, nusu ya mwenye duka.
Kurasa zilizobaki, madeni.
Mjomba alikufa akiwa na deni la kila mtu
na kila deni lina tarehe.

Nikapanda basi hadi Mtama, mji, si nafaka,
kwa Bi Somoe, mjane wa mpiga besi.
Shilingi arobaini za mwaka sabini na nne.
Nilizidisha kwa hesabu niliyoijua,
nikaongeza kwa aibu.
Akahesabu mara mbili. Akafunga pindoni.
Hakuuliza habari za santuri, hajawahi kuisikia,
hawakuwahi kuwa na mashine.

Nilipoinuka akasema:
Kuna usiku alirudi alfajiri, vidole vimechubuka,
akaniambia wamerudia upande wa pili mara tatu
na hajalipwa nauli.

Nikakaa tena. Nikafungua daftari, nikashuka kwa kidole,
Machi, Aprili,
wino umekimbia, mende wamekula pembeni.
Ipo.
Senti themanini.