Sponji ya Usukani

Noa ilipofika Tabora ilikuwa na miaka kumi na tisa
na sauti ya mwanamke wa Kijapani
aliyesema sentensi moja kila nilipowasha.
Sikujua maana. Nikaizoea kama salamu ya jirani
ambaye hatujawahi kutembeleana.

Dashibodi ilikuwa safi. Hakuna taa iliyobaki ikiwaka.
Muuzaji alipitisha kidole pale penye giza:
"Unaona, mama? Gari haina neno."
Nami nikaamini kwamba kisicholia hakiumwi.

Miaka mitatu nimebeba asali ya Sikonge,
ndoo za njano zimefungwa kamba nyuma ya viti.
Nimebeba maharusi wa Isevya, wagonjwa wa Kitete,
na jeneza moja, fupi, la mtoto wa Ipuli.
Siku hiyo sikupita arobaini.

Halafu Jumanne ile.
Gari limesimama, injini imezimwa,
shangazi Wande yuko kiti cha mbele anamenya chungwa,
tunamngoja Nyanzala atoke shule.
Pah!
Kiegemeo cha kichwa kikafyatuka chenyewe,
kikampiga kisogoni kama kofi la mtu anayedai.
Chungwa likaruka hadi kwenye kioo.
Hakuna aliyetugonga. Nyuma yetu mbuzi wawili
na vumbi lililokwisha kutulia.
Shangazi akageuka polepole, mkono shingoni:
"Kalunde, nani yuko huku nyuma?"

Fundi Kapaya wa Kiloleni alicheka kwanza, kisha akaacha.
Akachomoa waya wa betri, akasema tungoje dakika kumi,
umeme nao una kinyongo, hauondoki mara moja.
Akafungua mgongo wa kiti, akanionyesha
kipande cha plastiki, kidogo kama ukucha, kimepasuka.
"Hiki ndicho kilichokuwa kinashika springi.
Ukigongwa kwa nyuma kiegemeo kinawahi kichwa,
shingo isivunjike. Kimezeeka. Sasa kinashtuka usingizini."

"Na huku mbele?"
Sijui kwa nini niliuliza.

Akabandua kifuniko cha usukani.
Gundi. Gundi nyingi ya manjano, kama ya fundi viatu.
Mahali pa mfuko wa hewa
palikuwa na sponji la godoro, limekatwa kwa kisu butu,
na chini yake rizista, nyembamba kama njiti ya kibiriti,
kazi yake moja tu: kuiambia gari kila asubuhi
mlinzi yupo, lala.

Miaka mitatu kifua changu
kimekaa mkono mmoja kutoka kwenye kipande cha godoro.
Siku ya lori la tumbaku, kona ya kuingia Ipole,
nilipokanyaga breki mpaka ndoo zikapasuka
na asali ikatambaa chini ya viti hadi kwenye visigino vyangu,
nilisema, Mungu mkubwa, na mfuko nao ungeniwahi.
Nilisema hivyo. Nilimwambia hata mume wangu.

Usiku nilimfikiria aliyelikata.
Alipima? Alijaribu mara ngapi mpaka likaenea?
Alipuliza vumbi kabla ya kupaka gundi?

Kapaya akasema mfuko mpya bei yake
ni ndoo arobaini za asali, ukipatikana.
Wa mtumba hakuushauri: mingine baruti yake imekula unyevu,
ikipasuka inakutemea vyuma usoni.
Kiegemeo akakifunga kwa waya, kikawa mto tu, hakina tena la kuwahi.
Rizista akataka kuirudisha.
"Bila hii taa itawaka daima. Siku ukiuza utapunjwa."

Nikamwambia, iwake.

Sasa mwanamke wa Kijapani akisema lake
mtu mwekundu naye hutokea, ameketi, duara mbele ya kifua,
hazimiki mpaka Sikonge.
Abiria huuliza. Nawaambia: mbele hapa hakuna kitu,
fungeni mikanda.
Wengine hushuka.
Shangazi Wande hupanda, ila hukaa safu ya kati,
kiganja kisogoni.
Sponji nililichemsha mara mbili.
Naoshea masufuria. Lina povu zuri.