Masjala

Mama alitunza masjala ya reli, Tabora, miaka thelathini na moja.
Faili la kaki, la kijani, lenye uzi mwekundu:
ulitaja namba tu, mkono wake ulikwenda wenyewe.

Siku hizi, nyumbani Kipalapala, ananiita Msalika,
jina la dada yake aliyezikwa mwaka wa njaa.
Anauliza kama treni ya Mpanda imeshaingia.
Naitika. Imeingia, mama. Ilichelewa kidogo.

Chuoni tulifundishwa kwamba kila seli ina kitabu kizima,
ya ini na ya ubongo, herufi zile zile;
tofauti ni kurasa zipi zinasomwa.
Na katika maradhi haya, kwenye seli zilizobaki,
hakuna aliyechana ukurasa.
Jeni za kuunganisha neva na neva zinasomwa kwa kunong'ona,
za kinga zinapayuka usiku kucha
kama mlinzi anayempigia filimbi mwenye nyumba.

Basi faili lipo.
Karani ndiye hanyanyuki kitini.

Nilimweleza hayo jana, nikimpaka asali kwenye kiazi.
Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.
Kisha akalamba kidole, akashika pindo la shuka,
akafunua ukunjo baada ya ukunjo,
midomo ikihesabu namba nisizozijua.

Akafika mwisho. Akavua miwani.

"Limeazimwa," akasema.
"Nani kasaini?"