Sahihi

Kopo la biskuti lilikuwa juu ya kabati,
nyuma ya cherehani isiyoshona tena.
Ndani: vifungo, risiti ya meno ya bandia,
na karatasi tano za rangi ya chai
zilizokunjwa mara nne tangu mwaka sitini na moja.
Kampuni ya Nyuzi ya Purna. Hisa arobaini.
Mchwa walikula tarakimu mbili za namba,
wakauacha mhuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo wasemavyo.
Yake ilikuwa nalo. Daftari ndilo lililohama:
Purna ikamezwa na kampuni ya rangi,
ya rangi ikauzwa kwa watu wa saruji,
watu wa saruji wakabadili jina,
wakapanda ghorofa ya kumi na moja huko Mumbai,
na gawio likaendelea kutumwa, mwaka hata mwaka,
kwenye nyumba ya Malesar, hapa Navsari,
iliyobomolewa kabla sijazaliwa.
Tarishi alibisha wapi? Hata mlango haukuwepo.

Nilipanda treni ya alfajiri mara tatu.
Mara ya kwanza walitaka picha.
Mara ya pili, kiapo mbele ya wakili
kwamba Dinamai wa kitambulisho
ndiye Dinbai wa hisa.
Mara ya tatu karani, kijana mpole mwenye mafua,
alinigeuzia kompyuta, akapenga kamasi, akasema:
"Sahihi yake si sahihi, dada."

Ya zamani imesimama wima,
mkia wa herufi ya mwisho umerushwa juu
kama mtu anayetupa kofia.
Ya sasa inatambaa. Inapumzika.
Inauliza njia, inaendelea.

Basi jioni zile shangazi wa baba yangu,
na miaka yake themanini na minane,
alikaa mezani akijifunza kughushi
sahihi yake mwenyewe.
Pembeni mwa magazeti, mgongoni mwa bili ya umeme,
Dinbai, Dinbai, Dinbai,
akimkimbiza msichana wa ofisi ya simu
aliyeingia benki na viatu vipya.
Nikimshika kiwiko, ananikemea:
"Niache. Nimemkaribia."

Juzi tu, nikitoa nakala, ndipo nilipouona
mstari wa chini, wino umefifia:
*na Faredun K. Mistri.*
Wamiliki wa pamoja.

Katika ukoo wetu hakuna Faredun.
Nimezikagua picha zote za ukutani.
Nikamuuliza. Akaiweka sawa miwani iliyokuwa sawa.
"Alitoa rupia mia mbili, nami mia mbili."
Alikuwa nani?
"Mtu wa hesabu."
Chai ikapoa pale pale, yake na yangu.

Fomu inataka cheti cha kifo cha mmiliki wa pili,
au sahihi yake.
Hakuna kisanduku cha tatu.
Nikasema, nitauliza Surat, nitauliza hospitali,
kwa umri wake, shangazi, huenda...
Akaufunika mstari kwa kiganja,
mkono uleule usiolingana.
"Usiandike marehemu.
Mimi sijaarifiwa."

Karani amepiga simu. Pamoja na hisa za nyongeza
na magawio yaliyolala, zinatosha
kuezeka paa upya na kutoa mtoto wa jicho,
la kulia na la kushoto.
Nilipomweleza aliuliza jambo moja:
"Hizo ni zote, au nusu yangu?"

Leo asubuhi nimekuta gazeti la jana mezani.
Safu za Dinbai zinapepesuka ukingoni,
na chini yake, pembeni kabisa,
jina jingine, mara moja tu,
Faredun, kwa mwandiko wa kiume,
bila mtetemo hata kidogo.
Nimelichukua, nimelipima na lile la cheti.

Limelingana.

Nimelirudisha gazeti ndani ya kopo, chini ya vifungo.
Fomu ingali juu ya meza.
Yeye anamenya njegere, hanitazami.